Namna ya Kufuatilia Asili ya Rili ya Zumari ya Uskoti

Rili ni mahadhi ya dansi yaendayo kwa kasi, yenye mapigo mawili mazito katika kila mizani, na katika Nyanda za Juu za Uskoti hupigwa kwa fidla, huimbwa kwa kinywa, na hupigwa kwa zumari yenye mfuko wa ngozi ambao mpigaji huubana chini ya kwapa, ala ambayo wengi huiita bagpaipu. Msomaji aliyeko Muscat huenda amekwisha kuisikia ala hiyo katika gwaride, kwa kuwa Walinzi wa Kifalme wa Oman wana bendi zake. Wengine wataifahamu kwa rekodi tu. Mtu akiuliza rili fulani ilitoka wapi, aghalabu hujibiwa kwa kisa kizuri ambacho kila kitabu kimekinakili kutoka kwa kitabu kilichotangulia bila kukihoji. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, ile ya kukusanya ushahidi na kuupima, na mfano wake mkuu ni rili moja inayojulikana mno, Mrs MacLeod of Raasay, ambayo hupigwa Uskoti, Ireland na Amerika Kaskazini na ambayo ina mambo karibu yote yanayomtatiza mtafutaji.

Kabla hujafungua kitabu chochote, ligawe swali lako katika sehemu tatu. Mahadhi yana historia yake, jina lina historia yake, na mpangilio unaopigwa kwa zumari, pamoja na mapambo ya vidole na sehemu zilizoongezwa, una historia ya tatu ambayo inaweza kuwa changa kuliko zile mbili kwa miaka mia moja au zaidi. Mahadhi ya kale huweza kupewa jina jipya ili kumridhisha mfadhili. Jina la kale huweza kuhamia kwenye mahadhi mengine. Na rili iliyotungwa na mpiga fidla huweza kuingia katika zumari na kukaa humo hadi watu wakaamini kwamba ilizaliwa humo. Makosa mengi ninayoyaona katika maelezo ya rekodi na ya matamasha hutokana na kujibu swali moja kati ya hayo matatu na kudhani kwamba yote yamejibiwa.

Iandike rili kwa sol-fa

Kazi ya kwanza ni kuyaweka mahadhi katika hali inayokuwezesha kuyalinganisha, na hapa msomaji wa Kiswahili aliyelelewa katika kwaya ana faida kubwa, kwa sababu tonik sol-fa ndiyo chombo kinachofaa zaidi kwa kazi hii. Rili ileile huandikwa katika ufunguo wa A kwa wapiga fidla wa Uskoti na katika G kwa wanamuziki wa Ireland na Marekani, na mtu anayelinganisha nota kwa macho anaweza kupita karibu na kile anachokitafuta asikitambue. Ukiiandika kwa do, re, mi, tofauti ya ufunguo hutoweka. Mrs MacLeod of Raasay hufungua kwa kuzungukia do, mi na so, kisha kifungu chake cha kwanza kinakwenda kutua juu ya re, na umbo hilo utalikuta katika kisiwa cha Skye huko Uskoti, Dublin na milima ya kusini mwa Marekani, hata pale jina lilipokwisha kubadilika kabisa.

Ukishaiandika, ipime kwa ngazi ya zumari. Lile bomba lenye matundu linalochezewa vidole lina nota tisa tu. Ukiifanya nota ya pili kutoka chini kuwa do, utapata ta moja chini yake, kisha do, re, mi, fa, so, la, ta na do ya juu, na hapo mwisho umefika. Hiyo ta ni ti iliyoshushwa nusu hatua, nayo ndiyo inayoipa zumari ya Uskoti ladha yake, kwa sababu mahadhi mengi ya ala hiyo hujengwa kwa kupokezana kati ya nota za do na nota za ta, huku mabomba matatu ya mvumo, mawili ya sauti ya kati na moja la besi, yakiishikilia do bila kupumzika. Kama nakala ya kale kabisa unayoipata inavuka nota hizo tisa, au inahitaji ti halisi ambayo bomba halina, basi nakala hiyo haikuandikwa kwa ajili ya zumari. Kama inaenea ndani ya nota tisa na inapokezana do na ta, una dalili, na dalili tu. Wapiga fidla wa Nyanda za Juu walipenda mno kuiga zumari, na walitunga rili zenye sura ya zumari ambazo hazijawahi kupita katika mfuko wowote.

Rudi nyuma kupitia vitabu

Baada ya hapo ingia katika machapisho, ukianzia karibu na kurudi nyuma. Makusanyo makubwa ya mwishoni mwa karne ya 19 ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu yalikusanya yaliyotangulia: Athole Collection ya mwaka 1884, Skye Collection ya mwaka 1887, na yale mawili ya John Glen ya mwaka 1891 na 1895, ambayo yana thamani ya pekee kwa kuwa Glen alijishughulisha kutafuta ni lini kila mahadhi yalichapishwa kwa mara ya kwanza. Kutoka hapo rudi kwa familia ya Gow, wapiga fidla na wachapishaji, ambayo makusanyo yake yalitoka Edinburgh kati ya mwaka 1784 na 1822. Kisha kwa Robert Bremner, aliyechapisha mkusanyiko wake wa rili kwa mafungu kati ya mwaka 1757 na 1761. Na nyuma yake miswada ya mkono kama ule ulioandikwa na David Young mwaka 1734 kwa ajili ya Duke of Perth. Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeweka mtandaoni mamia ya vitabu vya aina hii, kurasa kwa kurasa, na mtu aliyeko Mombasa au Kigoma anaweza kuvisoma bila malipo ilimradi ana intaneti.

Unapotafuta, usiamini tahajia moja. Jina la ukoo huandikwa MacLeod, McLeod na M'Leod, na kisiwa huandikwa Raasay, Rasay na kwa namna nyinginezo. Tafuta kila umbo, kisha tafuta kwa mahadhi yenyewe, ukisoma mizani mbili za kwanza za kila rili iliyo katika kitabu. Kazi hiyo inachosha, lakini ndiyo inayomgundua mgeni aliyejificha chini ya jina lisilo lake.

Jihadhari pia na tarehe. Vitabu vingi vya muziki vya zama hizo havina mwaka katika ukurasa wa jina, na kilichoandikwa katika katalogi mara nyingi ni makisio. Anwani ya duka la mchapishaji husaidia, kwa kuwa wauza muziki wa Edinburgh walihama na kubadilisha washirika, na kila anwani ina miaka yake. Alama ya maji iliyomo ndani ya karatasi nayo husaidia, hasa baada ya mwaka 1794, ambapo sheria ya ushuru iliwafanya watengenezaji wengi wa karatasi Uingereza waanze kutia mwaka ndani yake. Hata hivyo karatasi hutoa mwaka wa nakala iliyo mkononi, na mabamba ya kuchapia yaliweza kutumika tena miaka mingi baada ya kuchongwa.

Sasa tuiangalie rili yetu. Mrs MacLeod of Raasay imo katika mkusanyiko wa tano wa Gow, uliotoka mwaka 1809, ikiwa na maelezo mafupi yanayosema kwamba ni rili asilia ya Kisiwa cha Skye na kwamba imeletwa na Bwana McLeod. Hayo ni maneno machache, na kila moja lapasa kuulizwa linabeba nini. Kwanza, Niel Gow mwenyewe, yule mpiga fidla mashuhuri wa Inver karibu na Dunkeld, alikwisha kufariki tarehe 1 Machi 1807, hivyo kitabu kilitolewa na wanawe, Nathaniel akiwa ndiye mwendesha biashara. Pili, maelezo yanataja Skye ilhali jina linataja Raasay, kisiwa kingine kidogo kilicho kati ya Skye na bara; si mgongano mkubwa, maana kwa mtu wa Edinburgh visiwa hivyo vilikuwa sehemu moja, lakini ni onyo kwamba mwandishi hakuwa akiandika kwa usahihi wa ramani. Tatu, anayetajwa ni mleta mahadhi, siye mtunzi. Nne, na hili ndilo wapenzi wa zumari hulirukia, hakuna neno hata moja kuhusu zumari.

Kwa hiyo mwaka 1809 unatupa ukomo wa upande mmoja: rili haikutungwa baada ya mwaka huo, na watu waliohusika walikubali kuitambulisha kama mali ya Skye. Ilikuwa na umri gani kabla ya hapo, ukurasa huo hausemi. Tofauti kati ya "ilichapishwa mwaka 1809" na "ilitungwa mwaka 1809" ni kubwa, na unapoisoma sentensi ya pili katika kitabu chochote, rudi ukatafute kama mwandishi ana ushahidi au amegeuza tu ya kwanza.

Mfano wa upande wa pili ni Fairy Dance, rili ambayo wapiga zumari wengi huijifunza mapema. Hiyo ina mtunzi anayejulikana, Nathaniel Gow, na tukio linalojulikana, dansi ya chama cha wawindaji wa Fife ya mwaka 1802. Inapigwa kwa zumari kila mahali, nayo ilitungwa na mtu wa fidla kwa ajili ya ukumbi wa mabwana. Rili za namna hiyo si chache.

Jina ni cheti cha nani?

Majina ya rili za Uskoti yamejaa mabibi na mabwana. Anayeanza hudhani kwamba Mrs MacLeod ndiye aliyeitunga, au kwamba ilitungwa kwa ajili yake, au kwamba alikuwa akiicheza. Lolote kati ya hayo lawezekana, na hakuna linalothibitishwa na jina peke yake. Kuwapa wake wa wakubwa majina ya rili ilikuwa desturi ya heshima, na wakati mwingine ya biashara, kwa sababu waliotajwa na jamaa zao walikuwa ndio wanunuzi wa kitabu. Desturi hiyo iliendelea hadi karne ya 20: Mrs MacPherson of Inveran, mojawapo ya rili ngumu na zinazopendwa zaidi katika mashindano ya zumari, ilitungwa na G. S. McLennan, mpiga zumari wa kikosi cha Gordon Highlanders aliyefariki mwaka 1929. Kama karatasi zote zingepotea likabaki jina tu, watu wangekuwa wanamsifu bibi huyo kwa utunzi asioufanya.

Upande wa Raasay kuna ugumu mwingine. Mke wa mwenye kisiwa ndiye aliyeitwa Mrs MacLeod of Raasay, na mwenye kisiwa alipofariki heshima hiyo ilihamia kwa mke wa mrithi, hivyo jina lilelile linawafaa wanawake zaidi ya mmoja katika miongo inayotuhusu. Ukifika Ireland na Marekani, bibi amekuwa binti, na rili inaitwa Miss McLeod's. Francis O'Neill, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago, aliiweka kwa umbo hilo katika makusanyo yake ya mwanzo wa karne ya 20. Samuel Johnson, mwandishi wa Kiingereza aliyefika Raasay mwezi Septemba 1773, aliandika kwamba nyumba ya mwenye kisiwa ilikuwa na wana watatu na mabinti kumi. Anayetaka kumtafuta "Miss McLeod" wa kweli ana kazi.

Ziara hiyo ya mwaka 1773 inafaa kusomwa kwa sababu nyingine. James Boswell, aliyekuwa amefuatana na Johnson, aliweka shajara, na katika jioni ya kufika kwao anaeleza kwamba mpiga fidla alitokea na dansi ndogo ikaanza. Mwenye nyumba mwenyewe alicheza kwa nguvu kama kijana yeyote. Huo ni ushahidi wa aina ambayo mtafutaji anapaswa kuuthamini kuliko visa vyote, kwa sababu uliandikwa na mtu aliyekuwepo, kwa wakati wake, bila nia ya kutetea asili ya rili yoyote. Unatuonyesha kwamba katika nyumba ileile inayotajwa na jina la rili, miaka 36 kabla ya kitabu cha Gow, watu walicheza dansi kwa fidla. Hautuambii walipigiwa rili ipi, wala haukanushi kuwapo kwa zumari. Lakini unatosha kumzuia mtu asiseme kwamba dansi ya visiwa ilikuwa ya zumari tu.

Neno moja kuhusu familia ya Gow, kwa kuwa utakutana nao kila mara. Walikuwa wanamuziki wakubwa, na walikuwa wepesi wa kubadilisha majina. William Marshall, mtunzi aliyehudumu katika kaya ya Duke of Gordon, alikuwa miongoni mwa waliokuta kazi zao ndani ya makusanyo ya Gow zikiwa na majina mengine na bila jina la mtunzi. Kwa hiyo unaposoma kichwa cha rili katika kitabu cha Gow, kichukue kama jina ambalo Gow alitaka liuzwe.

Fuatilia mpangilio wa zumari peke yake

Hapa ndipo watu wengi huchoka, nami naona ndipo penye utamu. Zumari ya Uskoti haiwezi kunyamaza katikati ya mahadhi. Maadamu mfuko umebanwa, sauti inatoka, na nguvu yake ni ileile. Mpigaji akitaka kurudia nota moja mara mbili hana budi kuzitenganisha kwa nota ya pambo, mguso wa kidole ulio mfupi kiasi kwamba sikio la mgeni halishiki sauti yake ila husikia tu kwamba nota imekatwa. Pale ambapo mpiga fidla anaegemea upinde ili kutia mkazo, mpiga zumari hutumia fungu la mapambo. Rili inapohamia kutoka fidla kwenda kwenye zumari, nota zilizo nje ya zile tisa hukunjwa ndani, na nota zinazorudiwa huvikwa mapambo. Weka nakala mbili bega kwa bega, moja ya fidla na moja ya zumari, na utaona mshono. Pale ambapo mstari wa fidla unapita kwa urahisi na ule wa zumari unaruka kwa ghafla kurudi chini, pengine unaangalia mahali ambapo mtu alilazimika kukunja.

Idadi ya sehemu ni ushahidi pia. Rili ya kuchezea dansi ilitosheka na sehemu mbili, zikirudiwa kadiri wachezaji walivyotaka. Mashindano ya zumari yalipokua katika karne ya 19, rili ya sehemu nne ikawa kipimo cha ufundi, na wapigaji waliongeza sehemu ya tatu na ya nne kwa rili za kale, zikiwa tofauti za sehemu zilizokuwepo. Usiipe rili nzima tarehe moja. Sehemu mbili za kwanza zinaweza kuwa za karne ya 18, na zilizobaki zikawa za mtu aliyetaka kushinda nishani huko Inverness au Oban.

Vitabu vya zumari vyenyewe vinachelewa, na jambo hili ni lazima liwe akilini kila unapokosa ulichokitafuta. Joseph MacDonald aliandika maelezo yake ya zumari karibu mwaka 1760, akaenda India na kufariki huko mwaka 1763, na kazi yake haikuchapishwa hadi mwaka 1803, kwa juhudi za ndugu yake Patrick. Mkusanyiko wa nyimbo, rili na jigi (mahadhi mengine ya dansi) za zumari ulitolewa na Donald MacDonald wa Edinburgh karibu mwaka 1828. Wa Angus MacKay ulifuata mwaka 1843, na wa William Ross, mpiga zumari wa Malkia Victoria, mwaka 1869. Kabla ya hapo rili za zumari zilipita kwa sikio, kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi. Rili kutokuwamo katika kitabu cha zumari kabla ya mwaka 1828 si ushahidi wa lolote, kwa sababu vitabu vyenyewe vilikuwa havipo. Na rili kuwamo katika kitabu cha fidla cha mwaka 1809 hakumaanishi kwamba fidla ndiyo iliyotangulia, kwa sababu wenye fidla ndio waliokuwa na wachapishaji.

Raasay ina kishawishi chake. Katika miaka ile ile ambayo Gow alikuwa akiandaa kitabu chake, mpiga zumari wa MacLeod wa Raasay alikuwa John MacKay, mmoja wa walimu wakubwa kabisa wa zumari, na mwanawe Angus, aliyezaliwa mwaka 1813, ndiye aliyekuwa mpiga zumari wa kwanza wa Malkia Victoria. Mahali panaoana, wakati unaoana, na fundi mwenye uwezo yupo. Ni rahisi mno kuunganisha na kusema kwamba John MacKay ndiye aliyempa Bwana McLeod ile rili. Usifanye hivyo. Kuwa jirani na jambo si sawa na kulifanya, na dhana ikishaandikwa bila tahadhari, mwandishi anayefuata huinakili kama habari.

Visa na namna ya kuvishika

Visa havitupwi, vinawekwa mahali pake. Reel of Tulloch, rili mashuhuri ambayo ni mahadhi na dansi kwa pamoja, ina visa viwili vikuu vya asili. Kimoja husema kwamba waumini walisubiri mchungaji nje ya kanisa siku ya baridi kali, naye akachelewa, wakaanza kucheza ili kupata joto. Kingine husimulia mtu wa ukoo wa MacGregor aliyewashinda maadui waliomvamia, kisha akaitunga rili kwa furaha ya kuokoka. Visa hivyo haviwezi vyote kuwa asili ya mahadhi mamoja, tena Tulloch ni jina la mahali zaidi ya pamoja nchini Uskoti, hivyo kila upande una kanisa na kilima cha kuonyesha. Unapokutana na kisa, andika ni nani aliyekisimulia, mwaka gani kilichapishwa kwa mara ya kwanza, na kinahusu kipi kati ya vile vitatu: mahadhi, jina, au dansi. Mara nyingi utaona kwamba kisa ni kichanga kuliko mahadhi kwa vizazi kadhaa.

Kisa kimoja kinahitaji kukataliwa waziwazi, kwa kuwa hutumika kujaza kila pengo. Husemwa kwamba baada ya vita vya Culloden vya mwaka 1746, ambamo waasi wa Nyanda za Juu walishindwa, serikali ilipiga marufuku zumari, na kwamba ndiyo sababu rili fulani ilifichwa na haionekani katika maandishi. Sheria iliyopitishwa mwaka huo ilihusu silaha na mavazi ya Nyanda za Juu, na haikuitaja zumari. Kinachochanganya watu ni kesi ya James Reid, mpiga zumari wa jeshi la waasi aliyenyongwa York mwezi Novemba 1746 baada ya mahakama kushikilia kwamba kikosi cha Nyanda za Juu hakiendi vitani bila zumari, kwa hiyo nayo ni chombo cha vita. Hiyo ilikuwa hukumu ya mtu mmoja aliyeshtakiwa kwa uasi.

Vivyo hivyo kwa wanaotaja mwaka 1591. Katika kijitabu cha mwaka huo kuhusu kesi za wachawi wa North Berwick, msichana Geillis Duncan anasemekana kuwapigia wenzake "reill" kwa kile kinanda kidogo cha chuma kinachoshikwa mdomoni, na Mfalme James wa Sita aliagiza aletwe ampigie yeye pia. Ushahidi huo unahusu dansi iliyoitwa hivyo mwishoni mwa karne ya 16. Hauhusu zumari, wala hauhusu rili yoyote tunayoipiga leo.

Sikiliza

Karatasi ikiisha, nenda kwenye sauti. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha mwaka 1951 taasisi ya masomo ya Kiskoti, ambayo watafiti wake walizunguka visiwani wakiwarekodi wazee, na sehemu kubwa ya rekodi hizo, pamoja na za BBC na za kisiwa cha Canna, zimewekwa katika tovuti ya Tobar an Dualchais. Humo tafuta rili yako kwa jina la Kiingereza na la Kigaeli, lugha ya Nyanda za Juu, kisha usiishie kwenye zumari. Sikiliza puirt-à-beul, yaani rili zinazoimbwa kwa maneno ya Kigaeli ili watu wacheze pasipo ala, kwa sababu mahadhi mengi yalihifadhiwa kinywani wakati hapakuwa na mpiga zumari karibu, na mara nyingi maneno hayo yana jina tofauti kabisa na lile la vitabuni. Sikiliza pia Cape Breton nchini Kanada, ambako wahamiaji Wagaeli waliendelea kupigiana kwa ajili ya dansi wakati wenzao wa Uskoti walikuwa wakipiga kwa ajili ya waamuzi. Rili ikisikika huko ikiwa na sehemu mbili, kwa mwendo wa mguu wa mchezaji, na Uskoti ikawa na nne, una hoja nzuri kuhusu ipi iliongezwa. Marekani utaikuta Mrs MacLeod ikiimbwa kama Hop High Ladies na Uncle Joe, kwa maneno yasiyomjua bibi yeyote wa Raasay, na hapo ndipo ile nakala yako ya sol-fa itakapokufaa tena.

Mwishowe andika matokeo kwa namna inayoonyesha kila dai limesimama juu ya nini. Kwa rili yetu ningeandika hivi: mahadhi yalikuwepo kabla au ifikapo mwaka 1809, na kwa mujibu wa mleta habari wa wakati huo yalikuwa ya Skye; mtunzi hatajwi. Jina Mrs MacLeod of Raasay linapatikana katika chapisho hilohilo, na ni jina la heshima linalowafaa wanawake zaidi ya mmoja. Umbo la Miss McLeod ni la safari ya rili huko Ireland na Marekani. Ushahidi uliochapishwa wa mwanzo ni wa fidla, na shajara ya mwaka 1773 inaonyesha fidla ikipigiwa dansi katika nyumba ya Raasay. Mipangilio ya zumari inahesabiwa kuanzia kitabu cha zumari cha kwanza utakachoikuta, kwa mwaka wake na idadi ya sehemu zake, na mstari huo ukae peke yake ili atakayepata kitabu cha mapema zaidi aubadilishe bila kugusa mingine.